Sahihisha Zote

Jumamosi, 26 Julai 2025

Laptopu mpya imefika! Adnan ameileta mwenyewe asubuhi, imeviringishwa ndani ya kanzu mbili na taulo. Kaka yangu Harith ndiye aliyeinunua huko Doha, wanakofanya kazi wote wawili, akambebesha yeye. Na bwana harusi atakataaje mzigo wa mjomba wa bibi harusi, wiki mbili kabla ya akdi?

Ni pana, Mtume! Inchi kumi na saba. Nimeilaza mezani ikaenea kama mkeka. Laptopu yangu ya zamani imewekwa pembeni yake — nene, ya mraba, herufi N imefutika, betri imevimba, ukiichomoa ukutani inazimika papo hapo. Miaka kumi na nne tumekaa pamoja. Nimeionea haya kidogo.

Rangi sasa! Picha ya binti yangu Amal ya siku ya Idi, nimeona mpaka uzi wa dhahabu kwenye ukingo wa mtandio wake. Vitufe laini, havilii. Lakini tarakimu zote zimepangwa upande wa kulia, kwa hiyo mikono inasogezwa kushoto, na mimi nimeandika jina langu mara tatu nikalikosea mara tatu. Mwalimu wa Kiswahili! Tena kioo ni kipana lakini ni kifupi. Ukurasa niliouona mzima kwenye ya zamani, hapa naona nusu. Sasa upana wote huu niutandike nini?

Mama akauliza kutoka kitandani tunashangilia nini. Tukampelekea. Macho yake yana mtoto wa jicho, na mkono wa kulia umelala tangu kiharusi cha Mei, kwa hiyo akapapasa kwa kushoto, ukingo hadi ukingo. Akasema hili ni sinia, lipakulieni wali.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nitaizoea.

Jumapili, 27 Julai

Ian amekuja baada ya adhuhuri. Ni fundi wa kompyuta, mtu wa bara, mwaka wa tatu huu yuko hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na bado anapotea vichochoroni. Ametia programu zangu zote, pamoja na ile ya kusahihisha Kiswahili niliyoitaka mwenyewe kwa ajili ya mitihani. Unabonyeza "Sahihisha Zote" mara moja, kazi kwisha. "Madam, hii kitu ni moto," akasema, "hata mimi naeza pass Kiswahili." Nikamwambia aanze na "kitu hiki".

Ya zamani nimeiahidi madrasa ya wasichana. Ian ameichukua akaisafishe. Kabla hajaondoka nimehamishia kila kitu kwenye flashi — kata, bandika, kata, bandika. La muhimu kuliko yote ni faili moja tu. Utendi wa Mama.

Beti mia moja na nne! Amemtungia mjukuu wake Amal, binti yangu, usomwe mbele ya wanawake siku ya kupamba, Jumamosi ya tarehe tisa. Tangu Rajabu mpaka baada ya Idi alikuwa akitaja mstari, mimi naandika, kila siku baada ya alasiri. Alikuwa akisikiliza vidole vyangu. Ile ya zamani ina kelele kama cherehani. Kelele zikikoma anajua nimemaliza, anatoa mstari wa pili.

Kurekodi alikataa kata kata. Sauti yake haitoki nde ikasikizwe na waume wa watu kwenye simu! Nikamwambia, Mama, una miaka sabini na minane. Akasema aibu haina umri.

Wiki tatu baada ya ubeti wa mwisho, kiharusi. Ulimi umerudi, alhamdulillahi, ingawa ni mzito. Utendi haukurudi wote. Beti arubaini za mwanzo anazo. Za mbele zinamjia na kumpotea, anakasirika, analia.

Basi, uko kwenye flashi. Uko salama.

Jumanne, 29 Julai

Nimegundua kazi ya upana! Faili mbili kwa pamoja, ubavu kwa ubavu, na zote zasomeka. Kulia mtihani wa Kidato cha Tatu, kushoto utendi wa Mama, nikipanga nani atasoma beti zipi siku ya kupamba. Kwenye ya zamani ukifungua ya pili, ya kwanza inafichika, unabaki kukisia. Nimefurahi kama mtoto.

Mtihani ulijaa makosa ya haraka zangu. Nikabonyeza Sahihisha Zote. Kimya. Mistari myekundu iko pale pale. Nikagusagusa, nikabonyeza tena, ikasafika yote. Nikahifadhi kila kitu, nikafunga, nikaenda kukuna nazi. Zamani ningekaa nayo mpaka magharibi.

Adnan amepita jioni. Anarudi Doha tarehe ishirini, siku kumi na moja baada ya kupamba! Kandarasi ya miaka miwili. Amal akawa anacheka tu, eti kuna simu, watazungumza kila siku. Nimemtazama Adnan vizuri. Ni kijana mpole, sina la kumtia doa. Hata baba yangu watu walisema ni mpole.

Alhamisi, 31 Julai

Yarabi. Sijui nianzie wapi.

Mama amesema nimsomee utendi wote, autie sikioni kabla ya siku yenyewe. Amal alikuwapo. Nikafungua, nikaanza kwa madaha:

*Amali, nuru ya macho,*
*wewe kwangu ndiwe kito,*
*usitishwe na uzito*
*wa njia ya kuingia.*

Mama akainua mkono. "Nuru ya nini?"

Nikasema, ya macho.

"Macho na kito?" Ulimi mzito, lakini hasira ilikuwa nyepesi kabisa. "Macho na uzito? Ni nani alokwambia mimi nasema macho? Mimi nimezawa Amu."

Mato! Bila shaka ni mato. Niliandika mato kwa vidole vyangu hivi. Nikashuka chini ya ukurasa, nikashuka. Hakuna mato. Hakuna ndia, hakuna nti, hakuna matozi; ni njia, nchi, machozi. Beti mia na nne zimesanifishwa zote, safi, kama insha ya mwanafunzi wa kwanza darasani. Na pale mashine isipojua, imebahatisha. "Mai" ya kunywa imekuwa "mali". "Nde", yaani nje, imekuwa "ndege". Ubeti wa tisa sasa unamkataza mwanangu kutoka ndege bila kuaga!

Amal akaangua kicheko. Kisha akaniona uso.

Jumanne kishale kilikuwa kushoto. Mtihani ulikuwa kulia, na mimi macho yangu kulia, na kishale kushoto, ndani ya utendi. Ndiyo maana mara ya kwanza nikaona kimya. Hakikuwa kimya! Kilikuwa kinakula upande wa pili.

Nikamweleza Mama. Nilidhani atalia. Hakulia. Akasema mwaka wa ishirini na tatu huu nawatia watoto wa watu kalamu nyekundu kwa sababu ya ndia na nti, na yeo nimemfikia yeye. Nikamshika mkono. "Niwate," akasema. Nikazidi kuushika, niombe radhi. "Niwate, Swafiya!" Nikamwacha. Amelala akielekea ukutani mpaka sasa.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekimbia kwa Ian kabla hata hajafungua vizuri. Ya zamani ameshaifuta tangu Jumatano. "Niliwipe yote, Madam, si uliniambia unataka iwe safi?" Nilimwambia. Ni kweli nilimwambia.

Amejaribu kufufua. Saa tatu nzima nimekaa kwenye stuli yake. Zilitoka picha za harusi ya mtu, sijui nani, na barua yangu ya kuomba uhamisho. Ikatoka faili yenye jina la utendi! Nikapiga Bismillahi. Akaifungua — vijisanduku na alama za kuuliza, kurasa kumi na nne. Ian akainuka. Akaniletea maji ya kunywa.

Flashi? Ndimo nilimoifungua, ndimo nilimohifadhi. Nakala moja duniani, nikaiharibu mwenyewe.

Mume wangu Mselem anasema si neno, maana zimebaki zile zile, watu wataelewa. Wataelewa! Fundi wa milango huyu. Nikamuuliza, mteja akikuletea mlango wa nakshi ukamrudishia ubao mtupu, utamwambia si neno, bado unafunga? Amekwenda msikitini mapema.

Jumapili, 3 Agosti

Vina! Nimepata ndia.

Nilikuwa nimeukodolea macho ubeti wa kumi na saba:

*Neno la ndani lifiche,*
*mdomoni lisipite,*
*mlangoni usiite*
*kwa sauti ya kulia.*

Lifiche, lisipite, usiite. Mama hawezi kutunga hivyo hata akiwa usingizini. Lifite! Kila kina kinapovunjika, chini yake kuna neno la Kiamu limezikwa. Mashine haijui vina, kwa hiyo imeacha ushahidi kila ilipopita. Nimefanya kazi tangu alfajiri. Kushoto nakala iliyoharibika, kulia ninayoifufua — na hapa lazima niseme haki, bila kioo hiki kipana nisingeweza. Kimenivunjia, kinanisaidia kuokota.

Nimefika ubeti wa thelathini na tano.

Lakini katikati ya mstari hakuna kina. Hapo hakuna shahidi. Ubeti wa ishirini na mbili: "omba mali kwa adabu." Mali au mai? Amwombe mumewe maji au amwombe mali? Mizani yakubali yote. Nikamuuliza Mama — leo amenisamehe, au amechoka kununa. Akafikiri sana. Hakumbuki. Akasema weka lolote, yote mawili huombwa mume.

Tumecheka! Mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Ila jambo moja limenikaa moyoni. Mwaka jana kuna msichana wa kisiwa cha Kiwayu aliandika insha kuhusu msiba kwao. Insha ya kuliza watu. Nilimkata alama nne kwa sababu ya "matozi".

Jumatatu, 4 Agosti

Jambo baya. Nimeliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Mama alikuwa akijisomea utendi peke yake, kwa moyo, akitazama juu. Nikasimama nyuma ya pazia kumsikiliza. Beti za mwanzo, zile alizonazo, zile ambazo kiharusi hakikuzigusa. Akasema: Amali, nuru ya macho.

Macho! Akapita. Hakusita, hakujisahihisha. Kito, uzito, wa njia ya kuingia.

Amelichukua kwangu. Nimemsomea mara moja tu, Alhamisi, na tangu hapo tumebishana juu yake, na limemwingia. Mashine imeharibu faili. Mimi sasa naharibu kilichobaki kitwani mwake, na hicho hakina flashi.

Nimewaambia wote nyumbani: mtu asimsomee Bibi hata mstari mmoja mpaka nimalize. Hata mmoja! Amal akasema sawa, Mama. Alikuwa na simu sikioni.

Jumatano, 6 Agosti

Jana sikuandika, nilikuwa nasahihisha mitihani. Leo pia nilitoka shule saa tisa. Nilikuwa nimefika ubeti wa hamsini na nane, nikasema jioni hii na kesho nitamaliza, Ijumaa ni akdi, Jumamosi kupamba, nina siku za kutosha.

Nimekuta Mama amekaa, mito nyuma, mtandio wa ukaya begani, uso umefunguka. Sijamwona hivyo tangu Mei. Na Amal chini, laptopu miguuni. Amemsomea wote. Wote! Anataka kusaidia, masikini — eti Bibi mwenyewe alimwomba, atamnyimaje, na mimi nilisema nishatengeneza. Nilisema mpaka hamsini na nane!

Kabla sijafungua mdomo, Mama akasema:

"Swafiya. Dawud aliniwaza."

Dawud ni baba yangu.

Nikaichukua laptopu, nikaenda jikoni, nikatafuta ubeti wa sitini na moja:

*Jana nilipomuita*
*mlangoni akapita,*
*kimya, naye kaniwaza*
*na wana wawili pia.*

Nilikaa chini kwenye mbuzi ya nazi.

Naikumbuka siku nilipoliandika neno lile, mwezi wa Shaabani. Mama alilitaja akanyamaza, akingoja vidole. Mimi sikuandika mara moja. Akasema, sikusikia kitu, wangoja nini? Nikaandika. Hatukulizungumza, hatujawahi kulizungumza. Na hata kama nisingekumbuka, vina vipo: nilipomuita, akapita. *Kaniwata*, kaniacha. Kimya, naye kaniwata, na wana wawili pia. Mashine haikulijua, ikatafuta lililo karibu nalo. Herufi moja tu imebadilika. Na ule mstari wa mwisho umekubali, umekaa pale pale kama kwamba hakuna kilichotokea.

Wana wawili ni mimi na Harith. Nilikuwa na miaka saba, yeye minne. Baba alisema anakwenda Kiwayu kwa siku tatu, kuna mtu wa kuonana naye. Kutoka Kiwayu akavuka Kismayu, akaoa huko. Hakuandika talaka, hakuandika barua. Miaka tisa Mama amekaa si mke si mtalaka. Hakwenda kwa kadhi hata siku moja, maana kwenda ni kukubali mbele ya watu. Mwaka wa kumi akaja mtu kutuambia amefariki. Akakaa eda! Miezi minne na siku kumi, nyeupe tupu, kwa mwanamume ambaye alishamwacha zamani.

Na sasa kaniwaza.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Sikujua kwamba mama yangu, miaka arubaini na moja baadaye, alikuwa bado anangoja kuambiwa hivyo. Ameambiwa na programu.

Amal ameniuliza kama amekosea. Nimemwambia hapana.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika haraka. Amal amempeleka Mama kutawadha. Siku hizi huchukua muda. Acha niandike kama ilivyokuwa, nisije nikaikumbuka vingine kesho.

Utendi nimeumaliza asubuhi. Sitini na moja nimerudisha "kaniwata". Sikusita. Baada ya ubeti ule ndio unakuja wa sitini na mbili, na bila wa kwanza, wa pili hauna miguu:

*Mwaka wa kimya uweke,*
*matozi yasikutoke,*
*dai haki, uinuke,*
*ndia yako ni sharia.*

Hii ndiyo sababu ya utendi wote! Mengine ni mapambo — adabu, mapishi, udi. Huu ndio wasia. Mume akinyamaza mwaka mzima, nenda kwa kadhi, usikae kama nilivyokaa mimi. Mama aliutunga akijua Adnan anakwenda miaka miwili. Hakuweza kumwambia Amal mdomoni, akamwekea humu, uje usomwe mbele ya wanawake wote ili siku ukihitajika asione haya kuutumia.

Saa tisa na nusu nikamsomea. Alikuwa akitikisa kichwa pole pole, ameridhika, mato, ndia, lifite, kila kitu mahali pake. Nikafika sitini na moja. Nikasoma kaniwata.

"Kaniwaza," akasema.

Nikasema, Mama, ulisema kaniwata.

"Nimesema kaniwaza. Amal kanisomea yana."

Nikamwambia ile ni mashine. Nikamweleza tena, pole pole, kama namweleza mtoto — Mungu anisamehe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza: Mama, wakumbuka alivyoondoka?

"Nakumbuka. Mimi ndimi nilokuwako. Wewe ulikuwa mtoto."

Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikamwambia, vina. Nilipomuita, akapita, kaniwaza. Mama, kina kimevunjika! Wewe utakubali kina kivunjike mbele ya wanawake wa Amu?

Akafumba macho. Nikadhani nimeshinda, na nikaona haya kushinda. Midomo yake ikawa inatikisika. Nilifikiri ni kilio. Nikakaribia. Alikuwa anahesabu mizani, kidole gumba cha mkono wa kushoto kinapita juu ya vidole vingine, mara moja, mara mbili. Kisha akasema, mzito, mstari mmoja mmoja, bila kukosea:

*Safari ilimkaza,*
*mlangoni kanyamaza,*
*mbali, naye kaniwaza*
*na wana wawili pia.*

Minane. Minane. Minane. Minane. Na vina kama kamba iliyosokotwa sawasawa. Tangu Mei daktari na sote tumekuwa tukisema kipaji kimekwenda. Hakikwenda! Kipo, kizima, na kazi ya kwanza aliyokipa ni hii.

Sikujua nifurahi au nilie. Nimefanya vyote.

"Zile tatu za juu uzifute," akasema, "utie hizi. Na huo wa mbele yake uutoe. Hauna kazi tena."

Huo wa mbele ni sitini na mbili.

Nikasema, Mama, huo ni wa Amal. Adnan anakwenda tarehe ishirini. Akasema Adnan atamuwaza. Nikasema, na asipomuwaza? Hapo akanigeuzia yale macho yenye ukungu, na sijui kama aliniona au aliona sauti tu. Akasema, "Utendi ni wangu au ni wako?"

Wake. Nimepigania wiki nzima uwe wake, kila neno, kila herufi! Nimelala nimeota vina. Sasa anatia mwenyewe neno la mashine kwa mdomo wake, na mimi ndiye ninayetaka kumsahihisha.

Lakini mimi ni mmoja wa wale wana wawili. Kama angetuwaza ningejua. Mtoto wa miaka saba hasahau kuwazwa. Nilikuwa nikikaa barazani na Harith kila chombo cha Kiwayu kikiingia, mpaka watu wakatuonea huruma, mpaka Mama akatukataza. Hilo nalo litakwenda wapi? Jumamosi wanawake mia watapiga vigelegele kwa baba aliyetuwaza. Na wazee miongoni mwao wanajua, wote wanajua, watatazamana.

Na Amal atasimama katikati yao amepambwa, na hatakuwa ameambiwa kitu.

Wametoka kutawadha. Amal amemkalisha kwenye kiti chake cha kuswalia, amemtandikia, amekwenda kupakwa hina ya miguu nyumba ya pili. Mama ananielekea ubavu. Amekwisha kutia nia. "Nikimaliza," ameniambia kabla ya kuanza swala, "nisomee kutoka sitini mpaka sitini na tatu. Nisikie vilivyokaa."

Ameanza. Alasiri, rakaa nne, kwa kukaa.

Nimefungua faili. Mistari mitatu mipya nimeiandika. Imekaa vizuri. Ni mizuri, wallahi, ni mizuri kuliko ile ya kwanza! Sitini na mbili nimeuzungushia rangi, kidole kipo juu ya kitufe cha kufuta. Naweza kuufuta. Naweza kumsomea yeye bila huo leo na kuurudisha Jumamosi. Macho yake hayasomi, atajuaje? Atajua. Atakuwa amekaa mbele, atasikia. Naweza kuuandika kwenye karatasi nimtie Amal mkononi siku Adnan akipanda boti. Lakini hapo itakuwa ni mimi nimesema, mama mwenye roho mbaya, aliyemtakia bintiye msiba hata hina haijakauka. Wa Bibi ungekuwa wasia. Wa kwangu utakuwa ni mkosi.

Rakaa ya tatu.

Je, kama anakumbuka kila kitu? Kama amejua tangu jana, tangu Amal aliposoma, kwamba neno si lake, na amelitaka? Nilimuuliza kama anakumbuka, akasema anakumbuka. Sikumuuliza anakumbuka nini. Niliogopa.

Rakaa ya nne. Sijafuta. Sijaacha kutaka kufuta.

Amekaa tahiyatu ya mwisho. Kidole cha kushoto kimeinuka, cha mkono ule ule uliohesabu mizani, maana cha kulia hakiinuki tena.

Anatoa salamu za kumaliza. Kulia.

Sasa anageuka kushoto, nilipo mimi.